Wifi kaleta laptopu, laptopu haioni waifai

Niweke maneno sawa mapema maana nishachekwa vya kutosha kwa hili. Hapa nikiandika wifi namaanisha dada wa mume wangu, nikiandika waifai namaanisha ule mtandao wa hewani wa nyumbani. Wote wawili walinitoa jasho mwaka jana, mmoja ndo nimemuweza.

Iko hivi. Wifi anaishi Houston, alikuja likizo akamletea mwanangu laptopu yake ya zamani, ya mwaka 2013, nzima kabisa, kioo hakina hata mkwaruzo. Sisi tulikua tumevuta faiba miezi miwili nyuma, tukapewa rauta mpya ina antena nne kama buibui kalala chali. Simu zote zinakamata, tivii ya sebuleni inakamata, raha tu. Laptopu ikawashwa, kwenye orodha zikaja waifai za majirani wote, mpaka ya duka la dawa ng'ambo ya barabara, ya kwetu haipo! Na rauta iko hatua mbili kutoka pale mezani. Wifi akasema laptopu yake haina shida, ni hiyo intaneti yenu ya Bongo. Nikanyamaza, ni mgeni.

Kesho yake asubuhi umeme ukakatika, ukarudi, eti laptopu ikaiona waifai yetu, ikaingia, dogo akashinda anaangalia katuni. Jioni ukakatika tena, ukarudi, haipo. Yaani ikawa kama bahati nasibu, kila umeme ukirudi tunakaa wote mezani kuangalia leo imeamkaje. Nikaanza kufikiria mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Fundi wa kwanza akasema umeme wa Marekani ni volti 120 huku kwetu ni 230 kwahiyo kadi ya mtandao itakua imeungua, ninunue nyingine au ninunue kile kidude cha waifai cha kuchomeka pembeni, elfu ishirini na tano. Nilikua natoa hela kabisa. Kilichoniokoa ni kugeuza chaja na kusoma maandishi yake, imeandikwa 100-240V, na chaja nyingi za laptopu ndo ziko hivyo, maana yake inakubali umeme wa kule na wa huku, unachohitaji ni ile plagi ya kubadilishia miguu tu. Alafu kadi iliyoungua ingeonaje waifai ya duka la dawa? Hilo swali nilimuuliza fundi, akasema dada wewe unajua sana.

Basi nikaamua kuhangaika mwenyewe, na kitu kimoja nilichojifunza ambacho ningependa mtu angeniambia mapema ni hiki: "waifai haishiki" siyo ugonjwa mmoja. Ni safari yenye vituo vinne na lazima ujue kifaa chako kimekwama kituo gani kabla hujagusa chochote. Cha kwanza, je kinaliona jina la waifai yako? Cha pili, kikiweka paswedi kinakubaliwa? Cha tatu, kikishakubaliwa kinapewa namba yake na rauta? Cha nne, kinatoka nje kwenye intaneti yenyewe? Watu wengi (mimi mmojawapo) tukiona haishiki tunakimbilia kuzima rauta na kuwasha, kubadilisha paswedi, kuforget mtandao, yote kwa pamoja, mwisho hata ikikubali hujui kilichokubali ni nini na wiki ijayo unaanza upya.

Yetu ilikwama kituo cha kwanza. Nikafanya jaribio dogo, nikawasha hotspoti kwenye simu yangu, laptopu ikaiona na ikaingia palepale. Hilo jaribio halina gharama na linakata nusu ya ubishi, maana kama hotspoti ya simu inakubali basi laptopu sio mbovu, na kama simu zinakubali kwenye rauta basi rauta nayo sio mbovu. Wote wazima, ila hawaelewani. Hapo ndo unaacha kutafuta nani mbovu unaanza kutafuta wanatofautiana wapi.

Tofauti ya kwanza niliipata haraka. Rauta za siku hizi zinarusha mawimbi ya aina mbili, 2.4 na 5 GHz, na mara nyingi zote zinapewa jina moja ili simu ijichagulie yenyewe. Laptopu nyingi za bei ya kawaida za miaka ile zina kadi ya 2.4 peke yake, hiyo 5 kwao ni kama haipo duniani. Kama una Windows fungua ule ukurasa mweusi wa amri (Command Prompt) uandike netsh wlan show drivers, itakuletea maelezo ya kadi, tafuta mstari wa aina za redio. Ukiona 802.11b, 802.11g na 802.11n tu, bila ile a wala ac, jua una 2.4 basi. Yetu ilikua hivyo hivyo. Sawa, lakini rauta si inarusha na 2.4 pia? Mbona haionekani?

Jibu lilikaa wiki nzima. Nikapakua kwenye simu ya Android programu ya bure ya kuangalia waifai zilizopo hewani, zipo nyingi, inakuonyesha kila mtandao na chaneli unayotumia, yaani kinjia chake ndani ya mawimbi, na pale nikaona ya kwetu imekaa chaneli 13, peke yake, majirani wote wamejazana 1, 6 na 11. Nikasema si ndo vizuri, tuna uwanja wetu. Kumbe ndo kaburi lenyewe! Hizi chaneli za 2.4 sehemu nyingi duniani zinaenda 1 mpaka 13, lakini Marekani vifaa vinavyouzwa kule kwa kawaida vinaishia 11. Laptopu ya wifi ilinunuliwa kule, kadi yake imefundishwa kuhesabu mpaka 11, kwahiyo rauta ikikaa 12 au 13 inakua inapiga kelele sehemu ambayo laptopu haisikilizi kabisa. Haiambii kuna tatizo, haiweki alama nyekundu, haioni tu.

Na umeme? Rauta yetu ilikua imewekwa "Auto" kwenye chaneli, yaani kila ikiwaka inanusa hewani inachagua pasipo na msongamano. Umeme ukirudi ikichagua 6, dogo anaangalia katuni. Ikichagua 13, kilio. Wiki zote zile tumemsingizia wifi, fundi kamsingizia umeme wa Marekani, kumbe umeme kweli ulihusika ila ni wa hapa hapa.

Dawa yake dakika mbili. Unaandika namba ya rauta kwenye kivinjari, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, geuza rauta chini kuna stika ina namba hiyo na paswedi ya kuingilia. Ukishaingia tafuta sehemu ya "Wireless", upande wa 2.4, kwenye "Channel" ondoa "Auto" weka 1 au 6 au 11. Usiweke 3 wala 8 kwa kudhani unakwepa watu, chaneli zimepangwa kila moja megahezi 5 kutoka kwa mwenzake lakini mawimbi yenyewe yana upana wa kama 20, kwahiyo ukikaa 3 unamgombeza wa 1 na wa 6 kwa wakati mmoja, ni kama daladala iliyosimama katikati ya njia mbili. Na kama kuna sehemu ya upana weka 20 badala ya 40, vifaa vya zamani vinatulia zaidi na kwa mitaa yetu ilivyobanana hiyo 40 hupati faida yoyote. Alafu mi huwa natenganisha majina, 2.4 jina lake na 5 jina lake, ili nijue nani yuko wapi. Wapo watakaokwambia jina moja ndo la kisasa, sawa, ila siku ya kutafuta tatizo utanikumbuka.

Kwa wale ambao laptopu haikutoka Marekani na bado haioni jina, angalia hili lingine: rauta mpya za waifai 6 zinatangaza kwa lugha ya 802.11ax na kuna kadi za zamani, zikiwemo za Intel, ambazo kwa drayva (programu inayoendesha kadi) za zamani zikisikia hilo tangazo haziuonyeshi mtandao kabisa. Apdeti drayva kwanza, utapakua kwa hotspoti ya simu au kwa waya. Ikishindikana rudisha 2.4 kwenye b/g/n, ile 5 iache na mambo yake ya kisasa.

Tukakaa kwa amani kama mwezi, alafu baba watoto akasoma mahali kwamba WPA3 ndo ulinzi imara kuliko wote, akaingia usiku akabadilisha bila kumwambia mtu. Asubuhi laptopu inaona jina, unaweka paswedi, inagoma. Nimeandika paswedi mara kumi, herufi moja moja, nikamfokea mtoto kwamba kabadilisha. Hapa sasa ni kituo cha pili. WPA3 ilikuja 2018, laptopu ya 2013 itaijulia wapi? Rudisha 2.4 kwenye WPA2, ile yenye neno AES, ipo tangu 2004 na karibu kila kitu kinaielewa. Ila msije mkashuka mpaka WEP, ule ulinzi dhaifu wa zamani, au kuacha wazi kisa printa ya zamani, hiyo printa bora uichomeke waya. Na ukikutana na TKIP pale penye AES iondoe, ni ya kizamani na vifaa vya n vikiwekwa humo vinarudi kwenye mwendo wa megabiti 54 kwa sekunde wa enzi za g. Unalipia faiba ya kasi unatumia ya 2003.

Kituo cha tatu nilikivuruga mwenyewe, hapa simsingizii mtu. Chumba cha uani mawimbi hayafiki, kuna kuta mbili na tangi la maji katikati, na maji yanakunywa mawimbi kwelikweli. Nikakumbuka kuna rauta ya zamani kabatini, ya kampuni nyingine, nikasema hii naivutia waya naiweka uani. Kwanza nilijaribu ziunganishwe hewani bila waya kwa ile kitu wanaita WDS, nikapoteza jumamosi nzima, rauta za watengenezaji tofauti mara nyingi hazielewani hapo, usijisumbue. Nikavuta waya, uani kukawa na waifai, nikajipongeza. Kesho yake nyumba nzima vurugu, simu ya huyu ina intaneti ya yule haina, imeandika imeunganishwa lakini hamna kitu, ukizima ukawasha wanabadilishana.

Kilichotokea ni kwamba rauta mbili zote zilikua zinagawa namba, ni kama harusi ina washereheshaji wawili. Simu ikipewa namba na ile ya zamani inaambiwa mlango wa kutokea nje ni huu hapa, wakati ile haina mlango wowote. Na zote mbili zilikua zinajiita 192.168.1.1. Nilichofanya, nikachomeka laptopu kwa waya kwenye ile ya zamani peke yake, nikabadilisha namba yake ikawa 192.168.1.2, nikazima DHCP ndo hiyo ya kugawa namba, alafu waya kutoka rauta kubwa nikauchomeka kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ile ya zamani, sio lile la WAN (la kuingizia intaneti) ambalo mara nyingi lina rangi yake tofauti. Imetulia mpaka leo. Ukitaka kujua kama umekwama kituo hiki andika ipconfig kwenye ule ukurasa mweusi, ukiona namba inaanza na 169.254 ujue kifaa kimeomba namba hakikupewa kikajibandikia cha kwake.

Kituo cha nne kifupi. Siku moja laptopu imeshika, nikiibishia hodi rauta kwa amri ya ping inajibu, lakini kila tovuti inasema sio salama. Angalia saa! Kile kibetri kidogo cha ndani kilikua kimekufa, kila ikikaa bila chaji inarudi mwaka 2013, na kivinjari kikiwa na tarehe ya ajabu kinavikataa vyeti vya usalama vya tovuti. Kibetri cha duara kama sarafu, nimebadilishiwa na fundi yule yule, sikumkumbusha habari ya volti.

Juzi wifi kapiga simu, tumeongea habari za watoto na mama mkwe, mwisho akauliza ile laptopu vipi inafanya kazi? Nikamwambia inafanya, tena vizuri tu, dogo anafanyia homuweki. Akasema, "Si nilikwambia laptopu haina shida, ni intaneti yenu." Baba watoto pale pembeni kajifanya anatafuta rimoti.