Maswali ya Wasomaji: Zahanati Ipo, Daktari Yuko Wapi?

SWALI: Ndugu mhariri, kijiji chetu kiko mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi, na zahanati yetu imebaki na muuguzi mmoja na mhudumu mmoja tangu daktari wetu alipohama mwaka jana kumfuata mwenza wake. Mwezi wa tano shemeji yangu alishikwa na uchungu usiku. Muuguzi alipobaini kwamba mtoto amekaa vibaya alituambia wazi kuwa hawezi, tukampandisha kwenye boti la wavuvi juu ya nyavu zilizokuwa bado mbichi, tukafika kituo cha afya alfajiri. Mama na mtoto ni wazima, tunamshukuru Mungu. Kwa nini sisi wa vijijini hatuletewi daktari mwingine, na ni kweli kwamba ziko nchi ambako kila familia ina daktari wake?
Msomaji, Nkasi, Rukwa

JIBU: Pole sana kwa usiku huo, na utufikishie salamu kwa muuguzi wenu, kwa maana kusema "siwezi" mapema ndiko kulikowapa muda wa kufika.

Tuanze na neno lenyewe. Kijijini kila avaaye koti jeupe huitwa daktari, lakini kwa mpangilio wa utumishi wa Tanzania zahanati huongozwa na tabibu au tabibu msaidizi, yaani aliyesomea tiba kwa ngazi ya stashahada au cheti, ilhali daktari, yaani aliyesoma chuo kikuu miaka 5 na kuongeza mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, hupangiwa kituo cha afya au hospitali. Bila shaka aliyewaacha alikuwa tabibu, na ni tabibu mnayepaswa kumdai kwa halmashauri. Mkidai daktari mtajibiwa kwamba zahanati haina nafasi hiyo, na barua yenu itaishia hapo.

Uhaba huu hautokani tu na uchache wa waliosoma. Mwaka 2017 Tanzania ilikubali kuipelekea Kenya madaktari 500. Mpango ule ulipozuiwa na mahakama ya Kenya, Rais John Magufuli aliagiza 258 kati ya walioomba waajiriwe nyumbani. Watu hao walikuwapo siku zote, wakiwa na vyeti vyao mkononi. Kilichokosekana ni vibali vya ajira na fedha za mishahara. Kabla ya hapo, Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na majengo yakapanda haraka kuliko watumishi wa kuyajaza.

Hata anayeajiriwa hakai. Sababu ya kumfuata mwenza uliyoitaja ni ya kweli kwa wengi, lakini mara nyingi mtu huanza kuitafuta akiwa amelala katika nyumba ya mtumishi yenye popo darini, huku maji akinunua kwa ndoo, na usiku mgonjwa akizidiwa hana mwenzake wa kumuuliza wala kipimo cha kumwondolea wasiwasi. Upweke huo wa kazi, kwa maoni yetu, hufukuza watumishi kuliko mshahara. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2010 kwamba karibu nusu ya watu duniani wanaishi vijijini lakini wanahudumiwa na chini ya robo ya madaktari wote, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kuchagua wanafunzi waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi. Tanzania ilikuwa na njia yake nzuri: tabibu mzoefu alirudi chuoni miaka 2 akawa daktari msaidizi, akafundishwa hata upasuaji wa uzazi, na wilayani ndio waliobeba kazi hiyo. Mafunzo hayo yalisitishwa, nasi bado hatujaridhishwa na sababu zilizotolewa.

Kuhusu daktari wa familia, ni kweli. Uingereza kila mkazi anaweza kujiandikisha kwa daktari wa eneo lake, na Cuba tangu mwaka 1984 imeweka daktari na muuguzi wake mitaani na vijijini. Kenya ilileta madaktari wapatao 100 kutoka Cuba mwaka 2018, na yenyewe ikapeleka madaktari 50 huko kusomea tiba ya familia. Huo ni ubingwa kama ubingwa mwingine, na kwetu wenye nao bado ni wachache mno.

Kwa sasa, pelekeni hoja ya tabibu kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na nakala kwa diwani, mkieleza pia kwamba nyumba ya mtumishi imekarabatiwa, kama mtakuwa mmeikarabati. Na mjamzito mwenye mapacha au aliyewahi kufanyiwa upasuaji asisubiri uchungu kijijini. Asogee karibu na hospitali wiki chache kabla. Ikitokea dharura ya uzazi, pigeni 115, simu ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga.

SWALI: Nimehitimu udaktari na nina leseni, lakini sina ajira. Halmashauri moja ya pembezoni inanipa mkataba wa mwaka mmoja kwa mapato yake ya ndani. Niende?
Daktari kijana, Dar es Salaam

JIBU: Nenda, lakini kwanza pata majibu ya maandishi: utalala wapi, mshahara utalipwa tarehe ngapi, na ni daktari gani wa hospitali ya mkoa utakayempigia simu saa nane usiku. Wakishindwa kukutajia jina la huyo wa mwisho, mtafute mwenyewe kabla hujapanda basi.