Kwa nini jumla ya Machi inakuwa kubwa kupita kiasi

Ndugu, ulitaka jumla ya malipo ya kila mwezi kutoka hifadhidata kwa lugha ya SQL, ukapanga makundi kwa MONTH(tarehe), na ukaona Machi imevimba kuliko kawaida. Sababu ni kwamba MONTH(tarehe), kitendakazi kinachotoa mwezi kutoka safu wima ya tarehe, hurudisha namba 3 tu, bila kujali mwaka, kwa hiyo Machi ya 2022 na ya 2023 zimetiwa kapu moja. Panga makundi kwa YEAR(tarehe) pamoja na MONTH(tarehe), na tatizo litaondoka. Hayo ni ya MySQL, mojawapo ya programu za hifadhidata. Katika PostgreSQL utaandika EXTRACT(MONTH FROM tarehe), ilhali SQLite hutumia strftime('%m', tarehe), ambayo hurudisha maandishi '03' wala si namba, jambo linalowakwaza wengi wanapolinganisha na 3.

Unapochuja, hata hivyo, nakushauri usiiviringishe safu ndani ya kitendakazi. Ukiandika WHERE YEAR(tarehe) = 2023, hifadhidata kwa kawaida haiwezi kutumia faharasa (index, orodha ya kutafutia haraka) ya kawaida ya safu hiyo, hivyo hulazimika kukagua safu mlalo zote. Andika tarehe >= '2023-01-01' AND tarehe < '2024-01-01'; alama ya < ni bora kuliko BETWEEN '2023-01-01' AND '2023-12-31', kwa kuwa rekodi za saa za mchana wa tarehe 31 Desemba hazitaachwa nje.

Siku za wiki nazo zina vituko vyake: Jumapili ni 1 kwa DAYOFWEEK ya MySQL, lakini ni 0 kwa EXTRACT(DOW FROM tarehe) ya PostgreSQL.