Tenga Pesa ya Mgonjwa Wakati wa Giza

Huku kwetu Kayenze na Igombe, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, Tanzania, pesa inafuata mwezi. Usiku wa giza mitumbwi inaingia ziwani na taa, asubuhi dagaa wanamwagwa, kina mama tunaanika, na jioni kila nyumba ina chochote. Mbalamwezi ikitoka, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika na mifuko inakauka. Homa haingoji giza. Mtoto akichemka siku za mbalamwezi, mama anaanza kujiuliza: nimpeleke zahanati leo, au nivute siku mbili tatu?

Nimeanika dagaa miaka mingi na nimesindikiza wagonjwa wengi, ndugu na majirani. Ninachoamini ni kwamba maskini haumizwi na bei ya matibabu peke yake. Kinachommaliza ni kuchelewa. Anachelewa kwa sababu ya nauli, kwa sababu ya kibarua cha siku kitakachompita, na kwa aibu ya kufika dirishani mikono mitupu. Anapofika, ugonjwa wa vidonge umeshakuwa wa kulazwa.

Simama dukani kwa muuza dawa nusu saa tu uone. "Nipe dawa mseto za elfu moja." Mkasi unakata karatasi ya vidonge, mteja anaviweka kwenye pindo la khanga na kurudi kichanjani. Hajapima malaria. Dozi ya dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24, vya siku 3. Akimeza 8 homa inatulia, anaona amepona, kisha inarudi na nguvu mpya. Ndugu yangu, nusu dozi ni pesa iliyotupwa. Hiyo elfu moja bora iwe nauli ya kwenda kupimwa.

Kwa hiyo, pesa ya mgonjwa itengwe wakati wa giza, kabla haijaingia sukari wala sare za shule. Kwenye kikundi chetu cha hisa tuna mfuko wa jamii wa kusaidiana, na tumekubaliana jambo moja ambalo limetusaidia kuliko yote: pesa ya mgonjwa haisubiri kikao. Mtunza hazina akipigiwa, anatuma kwa simu saa hiyo hiyo, maswali baadaye. Vikundi vingi vina mfuko huu lakini vinautoa Jumamosi ya mkutano, wakati mgonjwa alizidiwa Jumatatu. Bila mfuko wa namna hiyo, watu wanaangukia mikopo ya kausha damu, yenye riba kali, na wengi nimewaona wakipona malaria huku godoro limeshachukuliwa.

Jambo la pili ni msamaha wa kulipia matibabu. Sera ya afya ya nchi yetu inasema wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Dawa za kifua kikuu na za VVU nazo ni bure. Lakini msamaha haukufuati kitandani, unauomba. Chukua barua kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, ukifika hospitali ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, na uende siku ya kwanza, usingoje siku ya kuruhusiwa bili ikiwa imeshajaa.

Bibi mmoja jirani yangu aliambiwa dirishani alipe kwanza. Nilipomwambia twende ustawi wa jamii, alinishika mkono: "Mayu (mama), watasema wanangu wamenitupa." Tuliingia hivyo hivyo. Aliulizwa anaishi na nani, anakula nini, nani anamlipia pango. Alijibu akiangalia sakafu, lakini alijibu kweli, na akatibiwa. Wazee wetu wengi wanaficha njaa yao kwa heshima ya watoto. Nenda nao, wasaidie kusema.

Dawa zikikosekana na ukaandikiwa ukanunue nje, muulize daktari kama ipo ya aina hiyo hiyo ya bei nafuu. Ni haki yako kuuliza. Kuhusu bima, tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Ulizia zahanati yako utaratibu na kiwango cha kaya, ulipe dagaa wakiwepo.

Kichocho nacho kinatutafuna kwa sababu maji yetu ni ya ziwani. Kama huna bomba, chota maji, yafunike kwenye pipa siku mbili ndipo uoge. Vijidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa. Ya kunywa bado uchemshe. Na siku ya dawa za kichocho shuleni, mtoto asibaki nyumbani kuanua dagaa.

Kwa walio kambini visiwani, elewaneni na tajiri wa mtumbwi mapema nani atatoa injini na mafuta mgonjwa akizidiwa. Mjamzito avuke ziwa mapema, wiki za mwisho za mimba zikifika, akae kwa ndugu karibu na kituo. Kuvuka ziwa usiku uchungu umeshaanza ni hatari kwa mama, kwa mtoto, na kwa wote waliomo mtumbwini.