Swali la lugha: wimbi linaloambaa na metali

Mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Tanga anawaandalia wanafunzi wake makala ya Kiswahili, na amenitumia kichwa alichokwama nacho: "Mawimbi ya juu ya vyuma vyenye mashimo kwenye masafa ya chini." Anauliza kama kimekaa sawa.

Hakijakaa sawa, Mwalimu. Nilipokisoma mara ya kwanza nilidhani mawimbi ni "ya juu" na masafa ni "ya chini". Mara ya pili nikaona labda yapo juu ya chuma, kama kikombe juu ya meza. Tena "juu ya" hubeba pia maana ya "kuhusu". Andika "usoni mwa", kama tunavyosema uso wa bahari.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanga ukiingizwa kwa njia inayofaa kwenye uso wa dhahabu au fedha, elektroni huyumba pamoja na wimbi likasafiri limeshikamana na uso ule. Nguvu yake ni kubwa pale pale na hupungua upesi ukipanda juu. Hiyo ndiyo plasmoni ya usoni. Mawimbi ya maikrowevu, ambayo marudio yake (mitetemo kwa sekunde) ni madogo kuliko ya mwanga, hayashikiki hivyo: kwenye metali yenye uso laini hayapenyi ndani, yanatawanyika mbali hewani. Mwaka 2004 wanafizikia John Pendry, Luis Martín-Moreno na Francisco García-Vidal walionyesha kwa hesabu kwamba metali ikichimbwa vitobo vidogo kuliko urefu wa wimbi, wimbi huingia kidogo humo, na uso mzima ukalishika kama dhahabu inavyoushika mwanga. Hayo hutokea kwa marudio gani, huamuliwa na ukubwa wa vitobo.

Sasa neno la wimbi hilo. Simama Sahare uitazame ngalawa isiyotaka kwenda bahari kuu: inafuata mikoko, pwani ikiingia nayo inaingia, ikitoka nayo inatoka. Hiyo inaambaa na pwani, na ndiko lilikotoka neno mwambao. Wimbi lako linaambaa na metali. Ni kweli ngalawa haigusi mchanga, na wimbi hili lina nguvu zaidi pale pale usoni. Lakini kiini cha kitenzi ni mwendo usiouacha ukingo, na mwendo huo upo. Umependekeza pia "mawimbi ambata". Kinachoambata kimenata, hakiendi popote, kwa hiyo mimi silikubali. Sema "wimbi la kuambaa". Ukiandika "wimbi ambaa", msomaji atadhani umekosea "ambalo".

"Chuma" kwa mwanafunzi wa kemia ni kitu kimoja tu, na shaba si chuma. Tumia metali. Kama uso wake una mistari iliyoinuka na kuinama, usihangaike kutafuta neno: muuza mabati yeyote wa hapa mjini atakuuliza unataka bati la migongo mipana au midogo. Metali yenye migongo, basi.

Neno linalonitia wasiwasi zaidi ni "masafa", ulilolitumia kwa maana ya marudio. Asili yake ni umbali, na wazee waliosikiliza redio ya masafa mafupi walikuwa wanatajiwa urefu wa wimbi. Bendi ya mita 25 ni masafa mafupi, lakini marudio yake ni kama megahezi 12, mengi kuliko ya masafa ya kati. Mwanafunzi akichanganya "masafa mafupi" na "masafa ya chini" ameigeuza fizikia kichwa chini miguu juu. Andika "marudio madogo", na ueleze mara moja tu kwamba ni idadi ya mitetemo kwa sekunde.

Ulitaka pia kuyaita haya "plasmoni bandia". Bandia ni noti inayomdanganya muuza duka. Hapa hadanganywi mtu. Wimbi ni la kweli na linapimika, ila linafuata tabia ya jingine. "Plasmoni ya kuiga" inatosha. Na iwe "plasmoni hii, plasmoni hizi", kama elektroni.

Limebaki "mashimo". Shimo lina kitako. Tundu, kama la sindano, aghalabu hutokea upande wa pili. Uangalie mchoro wako: kama vitobo vinaishia ndani ya metali, viite vishimo, kama vimetokeza nyuma, ni matundu, na kichwa cha makala kibadilike.