Maswali kwa Maître, mwanasheria wetu: Faiba imefika, paa ni la eterniti

SWALI: Jambo Maître. Ninaishi Kampemba, hapa Lubumbashi, katika nyumba ya matofali iliyojengwa na kampuni ya migodi miaka ya 1950. Marehemu baba mkwe aliinunua alipostaafu. Paa lote ni eterniti, na ile pembe ya juu ya ukuta wa mbele pia. Hapo hapo kwenye lupango, yaani kiwanja chetu, nina sekretaria: nafanya fotokopi na kuwachapia wanafunzi TFC zao, zile kazi za kumaliza masomo. Mega za intaneti ya simu zinanimaliza faida yote. Juzi vijana wawili wa faiba, ule waya wa intaneti, walikuja na ngazi na mashine ya kutoboa. Wakaacha matofali, wakaenda kwenye eterniti kwa kuwa ni laini. Walikwisha toboa tundu moja, jirani yangu aliyekuwa nesi akapiga kelele kwamba ile ni sumu. Vijana wakacheka. Nikawashusha. Fomu yao bado ninayo, imeandikwa “mteja anawajibika kwa hali ya jengo lake”. Shemeji anasema nachezea bahati. Je, eterniti inaua kweli? Na nikiugua, nani atalipa? — Mama Mapasa

JIBU: Mama Mapasa, mpelekee nesi huyo soda kwa niaba yangu. Lakini faiba usiikatae. Kataa mahali walipotaka kutoboa, na ikatae fomu jinsi ilivyo.

Eterniti ya miaka hiyo ni saruji iliyochanganywa na asbesto, ambayo hapa kwetu wengi wanaijua kwa jina la amianti. Ikiwa nzima, imetulia juu ya paa, hatari yake kwa anayelala chini ni ndogo. Mambo hubadilika chuma kinapoingia. Ukitoboa, ukikata, ukivunja au ukiisugua kwa brashi, inatoa vumbi lenye nyuzi ambazo jicho halizioni, nazo zikishuka mapafuni hazitoki. Shirika la Afya Duniani halina shaka kwamba aina zote za asbesto zinasababisha saratani: ya mapafu, na ile ya utando unaozunguka mapafu. Anayevuta sigara hatari yake ya saratani ya mapafu inazidi sana. Ubelgiji, iliyotuletea paa hizi, iliipiga marufuku kwake mwaka 1998. Hapa jirani, Rwanda ina mpango wa serikali wa kuziondoa.

Tundu moja lisikukoseshe usingizi. Mwenye kuugua aghalabu ni yule aliyevuta vumbi hilo mara nyingi. Ila usifagie pale chini. Mwagia maji kidogo, pangusa kwa kitambaa kilicholowa, kisha kitambaa na vumbi lake vitie katika mfuko wa plastiki, uufunge. Tundu lenyewe lizibe kwa rangi nzito au mastiki. Watoto wasicheze hapo mpaka umalize.

Sasa kuhusu nani atalipa, na hapa ndipo fomu yako inaponikasirisha. Uhusiano wa faiba na asbesto si jambo la Kampemba peke yake. Australia ilipoamua kuitandaza faiba nchi nzima, kampuni ya serikali, NBN Co, ilikodi mashimo na mabomba ya chini ya ardhi ya kampuni ya simu, Telstra. Mengi ya mashimo hayo ya zamani yalijengwa kwa saruji ya asbesto. Mwaka 2013, huko Penrith, magharibi ya Sydney, ikaonekana kwamba waliopewa kazi ya kuyatengeneza wanaishughulikia asbesto ovyo, karibu na nyumba za watu. Kazi ya mashimo ikasimamishwa. Bungeni wakarushiana lawama: ni kosa la serikali yenye mradi, la mwenye mashimo, la mkandarasi, au la mkandarasi mdogo aliyechukua kazi kwa mkandarasi? Mwishowe Telstra ikakubali mbele ya watu kwamba mashimo ni yake na wajibu ni wake. Angalia basi: nchi ambayo asbesto ilikuwa imepigwa marufuku humo tangu mwisho wa 2003, yenye wakaguzi na mawaziri wanaojibu simu, bado ilibidi igombane kwanza kuhusu mwenye mzigo. Nawe kampuni inataka uubebe kwa sentensi moja ya herufi ndogo.

Sheria yetu ya kiraia hapa Congo, kitabu cha tatu, ni amri ya tarehe 30 Julai 1888. Naam, ya enzi za Léopold, mfalme wa Ubelgiji, na mahakamani bado tunaitegemea kila siku. Kifungu cha 258 kinasema anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima aifidie. Cha 260 kinamfanya bosi ajibu kwa makosa ya watu aliowatuma kazi. Kwa hiyo kampuni haiwezi kukuambia “ni vijana tu wale”. Na Katiba, kifungu cha 29, inalinda nyumba yako: bila idhini yako, muuza faiba hana ruhusa ya kupanda ngazi humo.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Magonjwa ya asbesto yanachukua miaka 20, 40, hata zaidi, kabla ya kujitokeza. Wakati huo kampuni itakuwa imebadili jina mara tatu na vijana wale watakuwa na wajukuu. Ndiyo maana nakutaka uandike leo. Futa ile sentensi kwa kalamu. Andika pembeni: “Eterniti haitaguswa. Waya utapita kwenye ukuta wa matofali au fremu ya dirisha. Vumbi na uharibifu wa kazi hii ni juu ya kampuni.” Tarehe, sahihi yako, sahihi ya fundi, kisha piga picha na kuihifadhi mahali pawili. Piga pia picha ya lile tundu. Wakikataa kusaini, tafuta mwingine wa kukuuzia. Na wakija kutoboa kwa nguvu, peleka malalamiko ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano, nakala ukinibakizia mimi.

Shemeji mwambie waya mwembamba kama ule unapita popote. Kutoboa matofali kunachukua dakika chache zaidi, basi.

SWALI: Maître, mimi ndiye fundi. Si wa huyo mama, lakini kazi ni ile ile, na eterniti natoboa sana. Bosi anatupa barakoa za karatasi zilizobaki tangu Korona. Sina mkataba, nalipwa kwa siku. Nikisema neno, kesho hataniita. — Kijana wa Katuba

JIBU: Mwanangu, wewe ndiye ninayekuhofia zaidi kuliko mama yeyote mwenye nyumba, maana yeye anapata tundu moja na wewe unayapata yote. Barakoa ya karatasi haizuii nyuzi hizo. Inayotakiwa ni ile ngumu ya daraja la FFP3, inayobana uso vizuri, na mahali pa kutoboa palowe kwanza. Nguo za kazi usiende nazo nyumbani kwa mkeo azifue.

Kwamba huna mkataba, hilo bosi anakudanganya au anajidanganya. Sheria ya kazi, namba 015/2002, kifungu cha 40, inasema kibarua wa siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Zihesabu siku zako kwenye daftari, mahali na jina la mtaa. Ujumbe wa simu anaokuitia kazini usiufute. Ukifika 22, nenda kwa mkaguzi wa kazi na daftari hilo, uulize pia kama jina lako limeandikishwa CNSS, kwa sababu ndiyo mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii unaohusika na magonjwa ya kazini. Nenda na wenzako watatu au wanne. Mmoja huachishwa kirahisi. Timu nzima ikiondoka, bosi atabaki na ngazi tu.