Vimiraba vimetulia, mbona naviona vinaingia ndani?

SWALI: Habari zenu, naomba mnisaidie maana kitu hiki kinanisumbua. Kuna picha ya mchoraji Bridget Riley, vimiraba vyeusi na vyeupe tu kama ubao wa drafti, lakini nikiikazia macho naona kama imekunjwa inaingia ndani, na kichwa kinaanza kuzunguka. Ni macho yangu yana shida? Halafu ufundi uko wapi, si yeyote mwenye rula anaweza?

JIBU: Macho yako ni mazima kabisa, tena yamefanya kazi ileile aliyoitaka Riley. Picha hiyo, inaitwa Movement in Squares, aliichora 1961 na ukiitazama vizuri utagundua vimiraba vyote vina kimo kilekile, kinachobadilika ni upana tu, vinabanwa kidogo kidogo mpaka karibu na katikati vinakuwa kama uzi halafu vinaanza kupanuka tena, basi. Hakuna kivuli wala kona iliyopindishwa, ile bonde unaitengeneza wewe mwenyewe, kwa sababu ubongo umeshazoea kwamba vitu vinavyobanana hivyo vinapinda na kwenda mbali. Na jicho halitulii hata ukilikazia sehemu moja, linacheza kidogo muda wote, sasa nyeusi na nyeupe zikikaa ubavu kwa ubavu hivyo ndo picha nzima inaanza kutetemeka.

Rangi alianza kuzitumia kwa nguvu 1967, na hapo mi ndo nampenda zaidi. Kata vipande viwili vya karatasi moja ya kijivu, kimoja weka juu ya nyeusi kingine juu ya nyeupe, utaapa kwamba cha kwenye nyeusi kimeng'aa zaidi! Mkemia wa Ufaransa, Chevreul, aliliandika jambo hili 1839 baada ya watu kulalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwandani zimefifia, kumbe tatizo ni rangi za jirani. Riley anachora mistari ya kawaida kabisa ili umbo lisikushughulishe, macho yabaki na rangi zinavyobadilishana.

Kuhusu rula, ndiyo, kupiga mistari wengi wanaweza, hata yeye picha zake kubwa zinapakwa rangi na wasaidizi wake. Kazi yake ngumu iko kwenye majaribio ya karatasi, kuamua mstari huu upungue kiasi gani na rangi gani ikae karibu na ipi. Ukipata nafasi itazame ana kwa ana, anzia mbali halafu sogea taratibu, maana kwenye simu inakuwa ndogo mno haiwezi kujaa machoni.