Uamuzi Mzito Hufanywa Kabla ya Ndege Kuruka

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa muuguzi kijana ambaye amekubaliwa kujiunga na kikosi cha ndege ya wagonjwa. Baada ya salamu aliniuliza: "Dada, mnawezaje kuamua haraka hivyo mkiwa angani, peke yenu, hali ya mgonjwa ikibadilika ghafla?" Nami nililibeba swali hilo nilipoanza kazi hii, na jibu nililolipata liliniletea lawama ambazo mpaka leo sijazisahau. Ninamjibu hapa kwa kirefu kwa sababu najua wapo wengi wenye nia kama yake.

Mdogo wangu, angani tunaamua machache sana. Mgonjwa amefungwa mikanda kwenye machela, nasi tumefungwa mikanda ubavuni pake, dari iko karibu na vichwa vyetu, na upande mmoja wa mwili wake umeegemea ukuta wa ndege kiasi kwamba mkono haufiki. Ngurumo ya injini inafuta kila sauti ambayo stetoskopu ingetuletea. Kumwingizia mtu mrija wa kupumulia katika hali hiyo kunawezekana, lakini yeyote aliyewahi kufanya hivyo atakuambia kwamba angetoa chochote ili awe amelifanya jambo hilo chini, kwenye mwanga, akiwa amesimama kichwani pa mgonjwa. Kwa hiyo swali ninalojiuliza kila ninapomfikia mgonjwa ni lile lile: nini kinaweza kumpata mtu huyu kuanzia sasa mpaka atakapolazwa kwenye kitanda cha hospitali inayompokea? Kila ninachokiona kuwa kinaweza kutokea, ninataka kiwe kimeshughulikiwa kabla mlango haujafungwa.

Nitaeleza tukio lililonifunza kulishikilia swali hilo hata ninapokemewa. Tuliitwa kumchukua mwanamume aliyeumia kifuani katika ajali ya barabarani. Hospitali ndogo iliyokuwa naye ilikuwa imefanya kazi nzuri: alikuwa na mbavu zilizovunjika, alipewa oksijeni na dawa ya maumivu, picha ya eksirei ilikuwa imepigwa, na tuliambiwa kwamba mapafu yake ni salama. Hospitali kubwa ilikuwa imeandaa chumba cha upasuaji kwa ajili ya majeraha yake mengine, na simu zilikuwa zikipigwa kila baada ya muda mfupi kuuliza kama tumekwisha ruka. Nilipoweka mkono wangu juu ya kifua chake niliona kwamba upande wa kulia hauinuki sawa na wa kushoto. Nilisikiliza, sauti ya pumzi upande huo ilikuwa hafifu. Daktari wetu alichukua mashine ndogo ya altrasaundi, akaiweka juu ya mbavu, na kwenye kioo hatukuona ule mtelezo wa pafu dhidi ya ukuta wa kifua ambao huonekana kwa mtu mzima wa afya.

Wenyeji wetu walituonyesha tena ile eksirei. Jambo ambalo kila anayetaka kazi hii anapaswa kulijua ni kwamba eksirei ya mtu aliyelala chali inaweza kuificha hewa iliyovuja nje ya pafu, kwa sababu hewa hiyo hupanda na kutanda mbele ya kifua badala ya kukusanyika juu karibu na bega. Mgonjwa aliyelala juu ya machela, akipumua vyema kwa kiasi, anaweza kuwa na hewa hiyo na asiwe na dalili kubwa. Hatari yake huja ndege inapopanda. Chumba cha ndege chenye hewa iliyoshinikizwa hakibaki na shinikizo la usawa wa bahari. Ndege ikiwa juu sana, hali ndani yake inaweza kulingana na mtu aliyesimama futi 8,000 juu ya bahari. Shinikizo la hewa usawa wa bahari ni milimita 760 za zebaki, na kwenye futi 8,000 ni takriban 565. Hewa iliyonaswa mahali pasipo na njia ya kutokea hutanuka kwa takriban theluthi moja. Theluthi hiyo ndani ya kifua cha mtu ambaye pafu lake limekwisha anza kusinyaa inaweza kuukandamiza moyo na mishipa mikubwa, na mtu akafa mbele yako huku umefungwa mkanda.

Daktari wetu, ambaye ninamheshimu, alipendekeza turuke tukiwa na sindano mkononi, tayari kumchoma kifuani endapo hali itaharibika. Mimi nilisema hapana. Nilimgeukia rubani nikamwuliza kama anaweza kuiweka ndege chini kiasi cha kudumisha ndani yake shinikizo la usawa wa bahari. Alipiga hesabu akatujibu kwamba kuruka chini kungekula mafuta mengi zaidi na kungetupitisha katikati ya mawingu yenye misukosuko, na kwamba kwa umbali ule asingependa. Basi ikabaki njia moja, kumwekea mgonjwa mrija wa kutoa hewa kifuani pale pale, ukiwa na vali inayoiruhusu hewa itoke bila kurudi, kwa sababu chupa ya maji inayotumika wodini kwa kazi hiyo hiyo ni shida kuitunza ndani ya ndege inayoyumba. Daktari alinitazama kidogo, akakubali, akanawa mikono. Mrija ulipoingia hewa ilitoka kwa mlio ambao sote tuliusikia.

Tulichelewa zaidi ya nusu saa. Safari yenyewe haina la kusimulia, mgonjwa alisinzia na vipimo vyake havikuyumba. Lakini tulipofika, daktari bingwa aliyekuwa akitusubiri alinikaripia mbele ya ndugu wa mgonjwa, akisema kwamba muuguzi amemchelewesha mtu anayehitaji upasuaji, na siku chache baadaye barua ya malalamiko ilifika ofisini kwetu. Niliitwa kujieleza. Nilijieleza, nikaonyesha altrasaundi, nikaonyesha hesabu ya shinikizo, na shauri likaisha. Hakuna aliyenirudia kusema kwamba nilikuwa sahihi. Nasema wazi kwamba jambo hilo bado linaniuma, na nasema pia kwamba nikirudishwa kwenye chumba kile kesho nitafanya vile vile.

Najua kwa nini yule bingwa alikasirika. Wote tumelelewa katika fikra ya saa ya dhahabu, iliyoenezwa na R Adams Cowley, daktari wa upasuaji wa Baltimore nchini Marekani, kwamba majeruhi mahututi ana saa moja ya kuokolewa. Fikra hiyo imejenga mifumo mizuri ya huduma za dharura, nasi tunaoruka ni watoto wake. Hata hivyo utafiti haujawahi kuthibitisha kwamba dakika 60 ndizo mpaka kwa kila jeraha, na haraka ina maana tofauti kwa kila mgonjwa. Anayevuja damu tumboni anahitaji kisu cha daktari wa upasuaji, na kila dakika ninayopoteza nikitafuta mshipa wa pili wa kuwekea dripu ni dakika yake. Huyo ninamchukua na kuondoka, mengine tutayafanya njiani. Asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu kuganda, nampa mapema iwezekanavyo, gramu 1 ndani ya dakika 10, kwa sababu utafiti mkubwa wa CRASH-2 uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 20,000, ulionyesha kwamba inapunguza vifo, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba ikitolewa baada ya saa 3 tangu kuumia faida hutoweka na huenda ikadhuru. Mwenye njia ya hewa inayoziba, au kifua chenye hewa iliyonaswa, au kichwa kilichoumia huku fahamu zikimpotea polepole, huyo ninakaa naye chini mpaka awe salama kuruka. Kujua yupi ni yupi ndiyo kazi yenyewe, na hujifunzi kwa kukimbia.

Mama mjamzito ndiye anayenifanya niwe mkali kuliko wote. Mwenye kifafa cha mimba asiwekwe ndani ya ndege kabla hajapata dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti na kabla shinikizo lake la damu halijaanza kushuka, hata kama rubani amewasha injini na jua linazama. Na yule ambaye uchungu umekolea kiasi kwamba mtoto anaweza kuja njiani, mara nyingi ni salama zaidi azalie pale alipo, penye meza na taa na joto, kisha tuwabebe wawili, kuliko kumpokea mtoto mchanga katika nafasi isiyomtosha hata mkunga kupiga magoti. Nimewahi kusimama mlangoni mwa wodi nikibishana juu ya hili na watu walionizidi cheo. Kubishana huko ni sehemu ya kazi, na asiyeweza kubishana kwa heshima asiombe kuvaa sare hii.

Oksijeni nayo ihesabu ukiwa chini, uihesabu wewe mwenyewe hata kama umeambiwa mitungi imejaa. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika kwa muda wa saa 2 atatumia lita 1,200, na muda huo unaanza kwenye kitanda anachotoka mpaka kitanda anachokwenda, pamoja na gari la kutoka uwanjani na foleni iliyopo mlangoni pa hospitali. Mimi huzidisha mara mbili, nikapata lita 2,400. Mtungi mdogo wa aina ya E hubeba takriban lita 680, kwa hiyo ukiwa huna akiba kubwa ndani ya ndege unahitaji mitungi minne, na ukiambiwa mitatu inatosha, usiondoke. Vivyo hivyo kwa puto dogo linaloushikilia mrija wa kupumulia kooni: hewa iliyomo itatanuka mkipanda na kusinyaa mkishuka, basi lipime shinikizo lake, libaki kati ya sentimita 20 na 30 za maji, au lijaze maji ya chumvi kabla ya kuruka.

Sasa nizungumze juu ya kusema hapana, kwa kuwa naona vijana wengi wanaingia kazi hii wakidhani ushujaa ni kwenda. Vikosi vingi vina kanuni kwamba wote waliomo, rubani, muuguzi na daktari au mhudumu wa dharura, lazima wakubali ndipo safari iwepo, na mmoja akikataa safari haipo wala hadaiwi kujitetea hapo hapo. Tena katika vikosi vingi rubani haambiwi mgonjwa ni nani wala hali yake ikoje anapoamua kuhusu hali ya hewa, ili habari ya mtoto anayekufa isimsukume kuingia kwenye ukungu ambao siku nyingine angeukataa. Kanuni za namna hii zimenunuliwa kwa damu. Mwaka 2008 huduma za helikopta za wagonjwa nchini Marekani zilipata ajali nyingi mbaya, hata bodi ya uchunguzi wa ajali za usafiri ya nchi hiyo, NTSB, ikafanya kikao cha hadhara Februari 2009 kuhusu usalama wa safari hizo, na mwaka 2014 mamlaka ya anga, FAA, ikatoa kanuni zinazodai, pamoja na mambo mengine, tathmini ya hatari kabla ya kuruka na kifaa cha kumwonya rubani kuhusu ardhi na vizuizi. Wahudumu waliokufa katika ajali kama hizo walikuwa na moyo wa huruma kama wako na wangu. Mgonjwa uliyemkatalia safari kwa sababu ya ukungu anaweza kwenda kwa barabara, au akatunzwa alipo huku daktari wa mbali akielekeza kwa simu. Hayo pia ni matibabu, na aliyekataa asionekane kuwa mwoga.

Unapokataa, kataa kwa maneno yanayoeleweka. Taja ulichokiona, taja unachokihofia, taja unachotaka kifanyike. "Upande wa kulia hauinuki, nahofia kuna hewa kifuani, naomba tuweke mrija kabla ya kuruka." Sentensi ya namna hiyo daktari anaweza kuijibu, na rubani anaisikia pia akajua muda unakwenda wapi. Kunung'unika pembeni, au kunyamaza ukitumaini mkubwa wako ataona mwenyewe, hakumsaidii mgonjwa. Na wewe uliye mkubwa katika kikosi, uliza kila mmoja kabla mlango haujafungwa kama yupo aliyeona jambo ambalo wengine hawakuliona, kisha nyamaza umpe nafasi aliye mdogo kuliko wote azungumze kwanza.

Mwisho ni kumbukumbu. Andika saa uliyofika, saa uliyoona dalili, kipimo kilisema nini, nani alikubaliana na nani, na kwa nini mlichelewa kuruka, na uandike kabla hujarudi kituoni, maana atakayekuhoji wiki mbili baadaye hakuwa nawe na atasoma karatasi tu. Katika shauri langu, picha ya altrasaundi iliyokuwa na saa pembeni, pamoja na mistari minne niliyoiandika nikiwa bado nimekaa ubavuni pa mgonjwa, ndiyo iliyosomwa kwa sauti mbele ya waliokaa kunihoji.